Kochi Jekundu la Mwenye Duka

Kochi lilikataa kuingia mlangoni. Walilijaribu kwa ubavu, wakalijaribu kwa miguu juu, mmoja akalijaribu kwa matusi, nalo likabaki limekaba mlango wa Mama Pacha, nusu ndani nusu nje, huku wabebaji wakihema.

"Ng'oeni mlango," alisema Bibi kutoka ndani. "Mlango ni wetu. Kochi ni la watu."

Basi mlango ukang'olewa. Fundi, mwana wa huyo Bibi na mume wa Mama Pacha, alileta bisibisi, akafungua bawaba bila kusema neno. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Maneno yake aliyamalizia kwenye mashine za mitumbwi kule ufukoni, na mashine zilimwelewa.

Siku hiyo mkoa ulikuwa unaleta mtu wake. Habari zilitangulia: kuna mpango mkubwa wa kuendeleza vijiji vya kandokando ya ziwa, na kabla ya kuamua kipi kijengwe wapi, ofisa atapita nyumbani kwa watu aone wanaishije. Kitu kilichotamaniwa na kila mtu kilikuwa nyumba ya barafu ya kuhifadhia samaki, na barabara ya kufikisha lori mpaka mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia. Mwenyekiti wa kijiji alikuja mwenyewe kumwambia Mama Pacha kwamba ofisa ataanzia kwake, kwa kuwa nyumba yake ndiyo ya kwanza ukitoka barabarani.

Sasa wewe niambie, mtu mwenye akili zake akiambiwa mgeni anakuja kutazama anavyoishi, anafanya nini? Anafagia. Mama Pacha alifagia mpaka ardhi ikaomba msamaha. Kisha akasimama katikati ya sebule, akaitazama kwa macho ya mgeni. Palikuwa na benchi moja la mbao za mtumbwi mkukuu, ambalo Fundi alilipigilia mwenyewe, lenye mguu mmoja mfupi. Ukikaa, lilikuinamisha mbele kama unasalimia watu. Zaidi ya hapo palikuwa na ukuta.

Hapo ndipo lilipomrudia neno la sokoni. Mke wa Mwenye Duka alilisema mbele ya watu, akicheka: "Fundi anafufua mashine za ziwa zima, nyumbani kwake hata pa kuketi hapana." Mama Pacha alicheka pamoja nao. Lakini neno lile lilimkwama kama mwiba wa samaki, na mpaka leo alikuwa hajalimeza.

Kwa hiyo alivaa viatu, akaenda dukani.

"Kochi?" Mwenye Duka aliuliza, utadhani ameombwa figo. "Kochi langu jekundu?"

"La kuazima tu, kaka. Mgeni akiondoka, linarudi."

"Wewe Mama Pacha, lile mimi mwenyewe nalikalia kwa nadra."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Ningetaka kochi la kukaliwa kila siku na kila mtu, ningekusumbua?"

Mwenye Duka alikuna kidevu. Sifa zilimwingia, ukweli lazima usemwe. "Chai isimwagike," alisema. "Watoto wasilipande. Na upande wa kushoto kuna springi imechoka, imetokeza kichwa. Mgeni mwambie akae kulia."

"Kulia," Mama Pacha alirudia, akaondoka mbio kabla mtu hajabadilisha mawazo.

Kochi lilipoingia, lilijaza sebule yote hata pacha, wasichana wawili wa kuanza kung'oka meno, wakakosa pa kusimama. "Atakayeligusa namchuna," mama yao aliwaambia, na kwa mara ya kwanza wakamwamini. Baada ya kochi ikaja saa ya ukutani ya Mwalimu Mkuu, na pazia kutoka kwa Mshonaji, jirani wa upande wa pili. Kila aliyeleta kitu alisimama kidogo akitazama, akasema, "Eh, sasa hapa pamekuwa mahali."

Likabaki suala la samaki. Mama Pacha alikuwa muuza samaki wakavu. Alinunua wabichi mwaloni, akawaanika kwenye chanja nyuma ya nyumba, akasubiri lori la mjini. Wiki ile mawingu yalikuwa yamefunga na lori lilikuwa limekwama tope njiani. Matenga mazima yalikuwa yameanza kunuka.

Bibi alisimama karibu na matenga, amebana pua. "Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wetu tutamponya au tutamuua kwa harufu?"

"Tuyapeleke wapi, Mama?"

"Nyuma ya choo. Huko harufu itapata mwenzake."

Wakayabeba, wao wawili, mkwe huku na mkwe kule, wakicheka mpaka wakaishiwa nguvu.

*

Ofisa alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, mpole, suruali imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate. Alimwamkia Bibi kwa adabu, "Shikamoo, Bibi," Bibi akaitikia kwa sauti ya kuridhika, "Marahaba, mwanangu, karibu, karibu ndani," na kwa furaha ya kuamkiwa vizuri hakuna aliyekumbuka habari ya kulia na kushoto. Ofisa akaketi. Uso wake ulibadilika kidogo. Akasogea, akatabasamu, akashukuru kwa chai.

"Mama," alimuuliza Mama Pacha, kalamu mkononi, "hapa mwambao mna shida gani hasa?"

Jamani! Swali lilikuwa hilo. Mlango ulikuwa wazi, wenyewe umeng'olewa. Lakini mwanamke aliyelelewa akalelewa, akiulizwa hali na mgeni ambaye chai yake haijapoa, atajibu nini?

"Hatujambo, baba. Tunamshukuru Mungu."

"Shida hazipo?"

"Ndogo ndogo, za kibinadamu."

"Na samaki? Hawaharibiki?"

Mama Pacha alitazama pazia la Mshonaji likipepea. "Mara moja moja," alisema.

Fundi, aliyekuwa amesimama pembeni kwa kukosa pa kukaa, alikohoa. Mkewe akamtazama. Akaacha kukohoa.

Mwenyekiti alipomchukua ofisa kwenda kumwonyesha mwalo, Mshonaji aliibuka kwenye mlango wa nyuma. "Mama Pacha, shoga yangu, nyumba inayofuata ni ya kwangu. Pazia langu lipo kwako, nami nibaki mtupu? Nisaidie hilo kochi, hata kwa dakika mbili."

Ungemnyima? Wabebaji wakaitwa tena. Kochi likapita njia ya uchochoroni, vichwani mwa watu, saa ya ukutani ikining'inia shingoni mwa mmoja wao, wakati mgeni akizungushwa na kuonyeshwa mitumbwi. Kutoka kwa Mshonaji likaenda kwa Kinyozi, ambaye aliona si vizuri apitwe. Kutoka kwa Kinyozi likaendelea. Jua lilipozama Mwenye Duka alikuwa anazunguka kijiji kizima akiuliza, "Jamani, kochi langu limelala kwa nani?"

Kijiji kilikwenda kulala kimeridhika. Mgeni alikuwa amepokelewa. Hakuna aliyeaibika.

*

Majibu yalikuja mvua zikiwa zimekolea. Mwenyekiti aliwaita watu mwaloni, akasimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa, na sura yake tu ilitosha.

"Hatumo," alisema. "Nyumba ya barafu, barabara, gati, vyote vinakwenda ghuba ya pili. Wanasema huku kwetu maisha ni ya kuridhisha. Wanasema nyumba zote alizotembelea ofisa zilikuwa na makochi. Na saa ukutani."

Kila mtu akageuka kutazama ziwa, kana kwamba kuna kitu kinapita. Mwenye Duka alitazama kucha zake. Wote walijua, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua, na hakuna aliyesema, maana kusema ni kuanza na nyumba yako mwenyewe.

Wenye mashine hawakungoja mpango utekelezwe. Mtu anapenda kuwa kwenye barafu kabla barafu haijafika. Mitumbwi mikubwa ikaanza kuhamia ghuba ya pili, mmoja mmoja, na kibandani kwa Fundi wateja wakapungua mpaka akawa anatengeneza taa za baiskeli. Jioni moja akaja na habari kwamba tajiri mmoja wa kule amempa eneo la kufungua karakana.

"Kwa mtumbwi ni siku nzima," alisema Mama Pacha.

"Ndiyo."

"Na sisi?"

"Nitakuwa nakuja mwisho wa mwezi."

"Mume wa mwisho wa mwezi, huyo ni mume au mshahara?"

Fundi alitaka kucheka, akashindwa. "Mashine zikihama, Mama Pacha, mimi nibaki nikitengeneza nini? Sufuria? Yule bwana akinijulisha kibanda kiko tayari, sitakuwa na njia."

Akachukua begi lake la turubai, akatia spana kubwa, koleo, nyundo na jeki, vyombo vya kazi nzito ambavyo siku hizi havikuwa na kazi huku. Akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Lilikuwa zito hata msumari ukainama kidogo. Kila Mama Pacha alipofunga mlango, begi lilimtazama. Siku ya pili akatwaa shuka kuukuu, akalifunika ili asilione.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba Fundi hakumlaumu. Hakuwahi kutaja kochi hata kwa utani. Angemfokea, angepata pa kujitetea, angelia, yangekwisha. Lakini mume anayekula ugali wake kimya na kusema ahsante, huyo utaanzia wapi kugombana naye? Alimpenda, ndiyo shida yenyewe. Alizoea harufu yake ya petroli kitandani, na alijua kwamba bila harufu hiyo hatapata usingizi.

Alimfuata mkwewe jikoni. "Mama, haya yote nimeyaleta mimi."

"Tumeyaleta," alisema Bibi bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akiupepeta. "Wewe uliazima kochi. Nani alipeleka samaki chooni?"

"Nilitaka wamheshimu mwanao."

"Najua. Lakini cha kuazima hakisitiri matako. Wahenga walisema, na sisi tukaona wanatania."

"Sasa nifanye nini?"

"Mkoa umeitisha mkutano wa kusikiliza pingamizi. Nenda ukaseme."

"Mbele ya watu wote? Mbele ya mwanao?"

Bibi akaweka ungo chini. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Na wewe umezaa pacha. Usiniambie hujui kujifunua."

*

Mkutano ulifanyika darasani, shule ya msingi. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Ofisa alikuwa mbele, miwani yake ileile, akaeleza kwamba mpango bado haujatiwa saini, na mwenye hoja aiseme leo.

Hoja zikamwagika. Mmoja akasema upepo wa ghuba ya pili ni mbaya. Mwingine akasema kijiji hiki ndicho cha kwanza kujengwa, babu zake waliwapa wale wa ghuba ya pili mbegu. Kinyozi akasimama akasema watu wa kule wana dharau, na dharau na barafu havikai pamoja. Ofisa aliandika kwa uvumilivu. Ungedhani kochi halijawahi kuumbwa duniani.

Mama Pacha akataka kusimama. Dawati likasimama naye, kwa kuwa goti lilikuwa limenasa. Watu wakacheka. Mshonaji akamsaidia kujinasua, na alipokuwa wima tayari jasho lilikuwa linamtoka, shuka limemteleza begani.

"Baba," alimwambia ofisa, "lile kochi ulilokalia kwangu si langu."

Vichwa vyote viligeuka.

"Kwetu hakuna kochi. Kuna benchi, na lenyewe mguu mmoja mfupi. Niliazima kwa Mwenye Duka kwa kuwa niliona haya. Saa haikuwa yangu, pazia halikuwa langu. Siku ile ulipokuja, samaki wangu walikuwa wameoza, nikawaficha nyuma ya choo, kisha ukaniuliza kama wanaharibika, nikakwambia mara moja moja." "Wanaharibika kila mvua zinapokuja, baba. Lori linakwama, tunawamwaga. Kile nilichokuwa nakihitaji ndicho nilichokuficha. Nilikudanganya. Lakini nilikudanganya kwa heshima."

Hakuthubutu kumtazama Fundi. Alisikia tu dawati la nyuma likilia, mtu amejiinamia.

Ofisa aliweka kalamu chini. "Lile kochi jekundu?"

"Ni langu," alisema Mwenye Duka, akasimama taratibu, tumbo likikwangua dawati.

"Na la kwa Mama Mshonaji? Nalo lilikuwa jekundu."

Mshonaji alitazama pindo la gauni lake. "Ndilo hilohilo."

"Na la kwa Kinyozi?"

"Kwangu lilifika limechoka kidogo," alisema Kinyozi, "lakini ndilo."

Ofisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mimi," alisema pole pole, "kwenye nyumba ya kwanza kochi lilinichoma hapa." Akashika paja. "Nyumba ya pili likanichoma papo hapo. Nyumba ya tatu nikakaa kwa hadhari, likanichoma tena. Nikasema moyoni, huku makochi yote kayatengeneza seremala mmoja, na huyo seremala ana kisasi na binadamu."

Darasa lililipuka. Watu walicheka mpaka madawati yakasogea. Mshonaji alijifuta machozi kwa pindo alilokuwa akilitazama. "Niliwaambia akae kulia!" Mwenye Duka alikuwa akipiga kelele. "Niliwaambia!"

Kicheko kilipotulia, ofisa hakuwa anacheka tena.

"Mjue jambo moja. Niliyoyaandika yameshapita kwa wakubwa zangu. Nikirudi kusema nilikalia kochi moja siku nzima bila kujua, mjinga nitakuwa mimi." Akakusanya karatasi zake. "Kesho asubuhi napita tena. Siahidi kitu. Naomba tu, msihamishe hata kijiko."

Mama Pacha alipogeuka kumtafuta mumewe, dawati lake lilikuwa tupu. Fundi alishatoka.

Mama Pacha alirudi nyumbani na Bibi, wamejifunika mfuko mmoja wa nailoni. "Nimemvua nguo mbele ya kijiji," alisema. Bibi alimshika mkono tu. Fundi aliporudi, alikula, akasema ahsante, akalala ameelekea ukutani.

*

Mama Pacha aliamshwa na mlio wa chuma. Kulikuwa kumepambazuka. Fundi alikuwa amepiga magoti sebuleni, benchi limepinduliwa miguu juu, anakaza kipande cha mbao kwenye ule mguu mfupi kwa bolti nene ya mashine.

"Ofisa amesema tusihamishe kitu," alisema Mama Pacha mlangoni.

"Sijahamisha. Natengeneza."

Akasimama pale, hajui mikono aiweke wapi. "Baba Pacha. Umenikasirikia?"

"Nimekasirika."

"Kwa kuwa nimesema?"

Aliacha kukaza. "Kwa kuwa ulikwenda kuomba kochi kwa mtu, na mume wako fundi. Ungeniambia benchi hili linakuaibisha, ningelitengeneza siku ileile. Mguu huu kazi yake ni hii unayoiona. Umekaa unainama nalo wakati wote huu, unanisitiri nini?"

"Nilidhani hujui watu wanasemaje."

"Neno la mke wa Mwenye Duka?" Fundi aliendelea kukaza bolti. "Nililisikia. Nilikuwa nyuma ya duka lao pale sokoni, nanunua misumari ya kutengenezea benchi. Nikaona haya kurudi nayo, ningeonekana nimekuja kujibu. Nikaificha kibandani."

Mama Pacha alimtazama. Wawili hawa, kila mmoja amemeza mwiba uleule, kila mmoja akilala nao peke yake kwenye kitanda kimoja! Alitaka kucheka, alitaka kumpiga. Akapiga magoti upande wa pili, akashika mguu wa benchi usicheze wakati anamalizia.

Ofisa alipofika, matenga yalikuwa mbele ya nyumba, hadharani. Harufu ilimpokea tangu barabarani. Aliingia macho yakimtoka machozi, akasimama mbele ya benchi, na kabla ya kukaa akapapasa upande wa kushoto kwa kiganja.

"Kaa, mwanangu," alisema Bibi. "Hili haliumi." Kisha akatoa shuka lake begani, akalitandika kwenye ubao, kwa sababu ukweli ni ukweli lakini mgeni ni mgeni.

Ofisa akaketi. Benchi halikutikisika. Akafungua kalamu.

"Mama, hapa mna shida gani hasa?"

"Hatuja..." alianza Mama Pacha, mazoea yakimtangulia, na Bibi akamfinya mgongoni, mfinyo wa kweli. Akaruka kidogo. "Tunazo," alisema. "Kaa vizuri, baba. Ni nyingi."

*

Kungoja kukawa kurefu. Mvua ziliendelea. Fundi alilipaka benchi rangi ya bluu iliyobaki ya mtumbwi wa mtu, na kwa unyevu ule rangi ikakataa kukauka, kila aliyesahau akaondoka na mistari makalioni. Kochi jekundu lilirudi kwa Mwenye Duka. Akaliwekea kamba pembeni ili mtu asilikaribie. Mitumbwi ya ghuba ya pili haikurudi. Begi lilibaki nyuma ya mlango chini ya shuka, na Mama Pacha alijizoeza kufunga mlango bila kugeuza shingo. Kila alipomwona mgeni akishuka kwenye mtumbwi, moyo ulimwambia, huyo ndiye anakuja kumwita.

Kisha asubuhi moja Mwenyekiti alikuja anaendesha baiskeli kwenye tope, kitu ambacho mtu wa umri wake hafanyi, akipiga kelele kabla hajafika.

"Tumo! Tumerudishwa! Nyumba ya barafu ni ya kwetu, na barabara itamwagwa changarawe mpaka mwaloni. Gati wamepewa wenzetu, wacha wawe nalo, hata wao ni watu."

Mama Pacha hakungoja amalize. Aliacha samaki kwenye chanja, akakimbia nyumbani, mikono inanuka, akaufunga mlango kwa kishindo, akalivuta lile shuka. Alitaka kuzitoa spana kwa mikono yake mwenyewe, moja moja, azirudishe mahali pake. Akalishika begi kwa nguvu zote kama mtu anayejua uzito wake, nusura aanguke nalo chali.

Lilikuwa jepesi. Akalifungua.

"Mama!" aliita. "Mbona humu mna vitunguu?"

"Na mvua hizi ungetaka niviweke wapi?" Bibi alijibu kutoka jikoni. "Pale panapita hewa."

"Spana ziko wapi?"

"Si alizitoa asubuhi ile anatengeneza benchi? Angekazia bolti kwa meno? Akazipeleka kibandani, hakuzirudisha tena. Nikaona begi zuri linakaa bure."

Mama Pacha aliketi kwenye benchi. "Nilidhani anangoja wito."

"Wito ulikuja, mbona." Bibi alitokea mlangoni, ungo mkononi. "Yule bwana wa ghuba ya pili alikuja mwenyewe, wewe ulikuwa umekwenda kuteka maji. Kabla ya haya mambo ya leo, kabla hata hatujajua. Akampandishia na malipo. Mwanangu akamwambia hawezi kuondoka."

"Akamwambia kwa nini?"

"Akamwambia ana benchi rangi haijakauka."

Bibi alirudi jikoni akicheka peke yake. Mama Pacha alibaki pale, begi mapajani, ameinamisha uso. Ndivyo Fundi alivyomkuta alipoingia anahema, kofia mkononi, maana naye alikuwa amekimbia.

"Umesikia habari za barafu?"

"Nimesikia."

"Sasa mbona unalia?"

Mama Pacha alimwonyesha begi.

"Vitunguu," alisema.